Uzi: Mezani kwangu wapanda farasi wa Somosierra hawafiki juu. Je, kanuni zangu ni mbovu, au siku ile walibahatika tu?

Fundi Boksi (mleta mada) #1

Habari zenu wakuu. Nina swali lililoninyima raha kwa wiki tatu sasa.

Nimejaribu kuurudisha mezani, kwa vijisanamu na dadu, mpambano wa Somosierra, Hispania, wa tarehe 30 Novemba 1808. Kwa asiyeufahamu, Napoleon, Kaizari wa Ufaransa, alikuwa akishuka kutoka Burgos kwenda Madrid, na njia yake ilipita kwenye kipito cha mlima kilicho zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Jenerali wa Kihispania, Benito de San Juan, alikuwa ameiziba njia hiyo kwa askari wapatao 9,000 na mizinga 16, iliyowekwa kwa ngazi katika vituo vinne kando ya barabara nyembamba inayopanda kwa kujipinda. Kaizari alikosa subira na askari wake wa miguu, akaiamuru skwadroni iliyokuwa zamu karibu naye, ile ya tatu ya wapanda farasi wepesi wa Kipolandi wa Gadi (kikosi cha walinzi wa Kaizari), ipande barabara hiyo. Walikuwa watu wapatao 125, wakiongozwa na Jan Kozietulski. Inasimuliwa kwamba kwa dakika nane hivi vituo vyote vinne vilikwisha kuanguka, na siku nne baadaye Madrid ikasalimu amri.

Nimekata kipande hicho tu, yaani barabara, mizinga na hao wapanda farasi na mikuki yao. Mlima nimeujenga kwa tabaka za maboksi, nikaufunika kwa karatasi na gundi, nikaunyunyizia unga wa mbao uliotiwa rangi. Kanuni yangu ni nyepesi: kila wanapofika kwenye kituo cha mizinga, Wapolandi hutupa dadu moja, wakipata 4 au zaidi wanakivuka, wakipata chini ya hapo wanarudi nyuma na mchezo umekwisha.

Tumecheza mara tisa. Mara nane wamekwama, na mara tano kati ya hizo hawakuvuka hata kituo cha kwanza. Sasa nauliza: nimekosea kanuni, au nimeiga sawasawa jambo ambalo kwa kawaida lisingewezekana?

Kete64 #2

Mkuu, hapa historia haina kosa, kosa ni la hesabu. Dadu yenye pande sita ikikupa nafasi tatu kati ya sita, na ukahitaji kushinda mara nne mfululizo, nafasi yako ni moja kati ya 16. Kwa michezo tisa umeshinda mmoja, kwa hiyo umebahatika kuliko unavyostahili.

Ukitaka Wapolandi washinde karibu nusu ya michezo, kila kituo lazima kivukwe kwa 2 au zaidi, maana tano juu ya sita ikizidishwa mara nne hutoa takriban asilimia 48. Ukiweka 3 au zaidi, unapata takriban asilimia 20. Kwanza utuambie unaamini walikuwa na nafasi kiasi gani, ndipo tuchague namba.

Mzee wa Dadu #3

Kwa hiyo mleta mada alijenga mlima kwa wiki tatu na kanuni akaiandika kwa dakika tatu.

Msoma Ramani #4

Salaam. Kabla ya dadu, naomba vipimo vya meza. Urefu wa barabara ni sentimita ngapi, na kilele kina kimo gani?

Fundi Boksi (mleta mada) #5

Barabara ina sentimita 125 na kilele sentimita 40. Nilitaka uonekane mlima kweli.

Msoma Ramani #6

Basi umejenga mlima mwingine. Njia waliyopanda kwa kasi ilikuwa na urefu wa takriban kilomita mbili na nusu, na tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho wake ni kama mita 300. Hiyo ni wastani wa mita 12 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Ni mwinuko mkali kwa farasi, lakini ni barabara iliyojengwa kupitisha magari ya kukokotwa, haikuwa ukuta. Kwa kipimo chako, sentimita moja ni mita 20, kwa hiyo kilele kilipaswa kuwa na sentimita 15. Wewe umeweka mwinuko wa mita 32 kwa kila mita 100; hapo hata punda angekutazama usoni akakuuliza kama una akili timamu.

Jambo hili si la urembo. Mlima wako ukiwa mkali kupita kiasi, mchezaji anayeshika mizinga anaiona barabara nzima tangu chini hadi juu, kwa sababu hakuna mgongo wa kilima unaomziba. Katika mahali penyewe hali ni kinyume chake. Barabara inajipinda bondeni, na kila kituo kiliona kipande chake tu.

Mwalimu wa Zamu #7

Nashukuru kwa mada nzuri. Mimi naona mmejikita kwenye farasi mkasahau watu waliokuwa wakipanda kwa miguu tangu asubuhi. Divisheni ya Ruffin, kutoka katika kikosi cha Marshal Victor, ilikuwa imegawanyika njia tatu: Rejimenti ya 9 ya askari wepesi ilipanda mteremko wa kulia, ya 24 mteremko wa kushoto, na ya 96 ilifuata barabara. Wapolandi walipoanza kukimbia, Wahispania waliokuwa kwenye miteremko walikuwa tayari wanarushiana risasi na Wafaransa hao, na baadhi yao walishaanza kutazama nyuma.

Mezani kwako wapiganaji 9,000 wameachwa huru kuwatazama wapanda farasi 125. Hakuna aliyewahi kupigana vita hivyo.

Fundi Boksi (mleta mada) #8

Asante Mwalimu. Niliwaacha makusudi kwa sababu sina vijisanamu vya kutosha. Nina askari 12 wa farasi, mmoja akiwakilisha kumi hivi, na mizinga minane ya risasi za plastiki niliyoichongea magurudumu. Rejimenti tatu za miguu ni fedha nyingi.

Kete64 #9

Tumia komwe za bao. Komwe moja ni kombania moja, nyeusi kwa Wafaransa, zilizopakwa chokaa kwa Wahispania. Zikikaa kwenye mteremko zinapendeza kuliko unavyodhani, na hakuna atakayelalamika kwamba vifungo vya sare vimepakwa rangi isiyo yake.

Binti wa Mkwakwani #10

Tukizungumzia sare, naomba nimsahihishe mleta mada. Umeandika kwamba Wapolandi walikuwa na mikuki. Siku ile hawakuwa nayo. Rejimenti hiyo iliundwa mwaka 1807 ikiwa na panga, bastola na bunduki fupi, na mikuki ilipewa mwaka 1809, baada ya vita vya Wagram. Watu wengi wanachanganya kwa sababu baadaye walijulikana kama wapiga mikuki wa Gadi, na wachoraji na wauza vijisanamu wanapenda bendera ndogo zinazopepea juu ya mkuki.

Kama umekwisha kuwabandika mikuki, kata. Koti ni la buluu iliyokoza, na kifuani nyekundu inayokaribia zambarau. Kofia ni ile ya juu yenye pembe nne.

Fundi Boksi (mleta mada) #11

Nimekata mikuki 12 usiku huu, dada, na moyo umeniuma kila mmoja. Nilikuwa nimetumia sindano za kushonea.

Mtunza Farasi #12

Niliwahi kufanya kazi kwenye mazizi ya farasi wa mashindano Nairobi kwa miaka sita, kwa hiyo naomba kuzungumzia upande ambao haujaguswa.

Farasi wa mashindano, aliyelishwa vizuri, akibeba mtu mwepesi kwenye uwanja tambarare, anamaliza mita 1,200 kwa dakika moja na sekunde kumi na kitu. Msimfikirie huyo. Fikirieni farasi wa jeshi mwishoni mwa Novemba, aliyetembea kutoka Ufaransa hadi katikati ya Hispania, akiwa amebeba mtu, tandiko, silaha na joho, na mbele yake kuna mlima. Mimi ningempa mita 400 kwa dakika kwa vipande vya kasi, na ningeshangaa kama angeweza kuendelea hivyo mfululizo hadi juu. Kilomita mbili na nusu kwa mwendo huo ni dakika sita na robo. Dakika nane zinazosimuliwa zinaniingia akilini, maana ndani yake mnakuwa na mahali pa kupunguza mwendo, kukanyaga waliokufa na kujipanga upya.

La pili ni tabia ya farasi. Farasi anaogopa kelele, lakini anaogopa zaidi kubaki peke yake. Akiwa katikati ya kundi linalokimbia kwenye njia nyembamba yenye kuta za mawe, hana pa kugeukia, naye atafuata mkia ulio mbele yake. Nimewahi kuona farasi watatu wasio na wapandaji wakimaliza mashindano kwa mpangilio safi kabisa. Kwa hiyo kanuni yako ya kusema "wamepata 3, wamerudi nyuma" inanitatiza. Warudi wapi? Nyuma kuna wenzao themanini wanaokuja kasi. Njia ya kurudi ipo kwa wale wa mwisho tu.

Msoma Ramani #13

Mtunza Farasi amenipa namba niliyokuwa naitafuta. Tuseme kituo cha mizinga kinaona mita 200 za barabara kabla ya pindo. Kwa mwendo wa mita 400 kwa dakika, farasi wanazimaliza kwa sekunde 30. Wapiga mizinga wazuri wa zama zile walifyatua mara mbili kwa dakika. Hivyo kila mzinga unapata mara moja, na labda ya pili kama umeshapakiwa mapema na mpigaji hatetemeki.

Mizinga 16, kwa jumla ya mapigo 16 hadi 20, ndiyo yote waliyokabili kutoka chini hadi juu. Tena yanapiga msafara wa watu wanne wanne kwa upana, kwa hiyo kopo la risasi ndogo linaangusha safu za mbele na kuwaacha wa nyuma. Mezani kwako mizinga mingapi inafyatua, na mara ngapi?

Fundi Boksi (mleta mada) #14

Yote minane, kila zamu, kutoka popote inapoona. Na kwa sababu ya kimo cha sentimita 40 ilikuwa inaona kila mahali. Nimeanza kuona aibu.

Dereva wa Masafa #15

Aliyewahi kupandisha lori Kitonga usiku ataelewa hoja ya Msoma Ramani. Unajua kuna gari mbele kwa kusikia injini, huioni mpaka umeingia kwenye kona.

Mpiga Mizinga Mstaafu #16

Shikamooni mlionizidi. Sijawahi kufyatua mzinga wa mwaka 1808, lakini nimetumikia mizinga miaka 22, na yapo mambo ambayo hayabadiliki.

La kwanza, mzinga uliowekwa juu ya mlima una tatizo la kuinamisha mdomo. Magari ya mizinga ya zama zile yaliruhusu mdomo kuinama kidogo tu. Adui akikukaribia kwa chini, anaingia kwenye eneo ambalo huwezi kumpiga, na tufe lako la chuma linapita juu ya kichwa chake. Hata likitua, kwenye ardhi tambarare tufe huruka-ruka na kuua safu nzima, lakini kwenye mteremko hujichimbia au huruka bondeni.

La pili ni moshi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito kwenye kipito, na baruti nyeusi hutoa moshi mweupe usioondoka kama hakuna upepo. Baada ya pigo la kwanza mpigaji anapakia bila kuona. Anachokifahamu ni mtetemo wa kwato, nao unaongezeka. Vijana wangu wakiwa kwenye mazoezi, bila adui yeyote, walikuwa wakisahau hatua moja ya kupakia pale tu afisa mkubwa alipopita nyuma yao.

Kwa hiyo mimi ningeuweka mtihani wa ari upande wa wapiga mizinga, na Wapolandi ningewaacha wakimbie.

Mwalimu wa Zamu #17

Naunga mkono, na nina ushahidi wa upande. Jeshi la San Juan lilikusanywa haraka. Walikuwemo askari wa kudumu, lakini wengi walikuwa waajiriwa wapya na wanamgambo. Askari wengine 3,500 hivi walikuwa wamepelekwa Sepúlveda kulinda ubavu, nao hawakurudi kipitoni. Baada ya kupigana huko walielekea Segovia. Baada ya kushindwa, jeshi lilivunjika kiasi kwamba askari wake wenyewe walimuua San Juan huko Talavera, mapema mwezi wa Desemba, wakimtuhumu kwa usaliti. Jeshi linalomuua jenerali wake wiki moja baadaye huenda halikuwa na ari kubwa siku ile mlimani.

Binti wa Mkwakwani #18

Mwalimu, hapo umetumia matokeo kuthibitisha chanzo. Waliovunjika ari baada ya kushindwa si lazima walikuwa wamevunjika kabla. Takriban nusu ya skwadroni iliuawa au kujeruhiwa. Kozietulski mwenyewe alipoteza farasi wake mwanzoni kabisa, akachukua nafasi Dziewanowski, akajeruhiwa vibaya na baadaye akafa. Akashika Piotr Krasiński, naye akajeruhiwa. Luteni Andrzej Niegolewski alifika juu na watu wachache, akaanguka kati ya mizinga akiwa na majeraha mengi ya risasi na singe. Majeraha ya singe yanamaanisha kwamba kulikuwa na Wahispania waliosimama karibu naye wakachoma. Hao hawakukimbia.

Mwalimu wa Zamu #19

Hoja imepokewa. Narudi nyuma nusu hatua, si hatua nzima.

Kete64 #20

Mnapobishana mimi napata kanuni. Kosa langu la chapisho namba 2 ni kwamba nilizidisha nafasi kana kwamba kila kituo hakihusiani na kingine. Kumbe wa kituo cha pili wanawaona wa kituo cha kwanza wakipanda kuwakimbilia, farasi wakiwa wamechanganyika nao, na hawawezi kufyatua bila kuwaua wenzao. Kila kituo kinachoanguka kinakilegeza kinachofuata.

Napendekeza hivi: kituo cha kwanza kivukwe kwa 4 au zaidi, cha pili kwa 3, cha tatu na cha nne kwa 2. Nafasi ya jumla inakuwa takriban asilimia 23, karibu mara nne ya ile ya awali, na mchezo unabaki na woga wake mahali panapostahili, yaani mwanzoni, kwenye daraja dogo lenye kituo cha kwanza. Kisha kila komwe ya Wafaransa iliyofika nusu ya mteremko iongeze moja kwenye dadu.

Mzee wa Dadu #21

Hesabu nzuri, ila umewapa Wahispania ari inayoshuka tu. Mezani kwangu, watu wakizidi kubanwa kwenye kilele, wakati mwingine ndipo wanapouma. Niegolewski na majeraha yake ni shahidi wa Binti.

Ngome Kongwe #22

Nimefuatilia kimya. Kuna jambo ambalo hamjaligusa: je, waliamriwa kupanda hadi juu? Wapo wanaoshikilia kwamba Napoleon alikusudia wachukue kituo cha kwanza tu, kile kilichokuwa kinawazuia askari wa miguu, na kwamba skwadroni ilipokwisha kukipita haikuwa na njia ila kusonga mbele, kwa sababu kusimama chini ya kituo cha pili kulikuwa kifo. Wapo wanaosema alitaka njia yote isafishwe, na kwamba afisa aliyetangulia kwenda kuchungulia, Piré, alirudi akisema haiwezekani, jambo lililomkasirisha Kaizari zaidi.

Tofauti hii inabadilisha mchezo wote. Kama lengo lilikuwa kituo cha kwanza, basi katika michezo yako tisa Wapolandi wameshinda minne, na kuvuka vilivyobaki ni uamuzi wa mchezaji anayejiuliza kama asimame au aendelee. Hapo ndipo penye utamu, kuliko kumlazimisha apande hadi juu kwa dadu nne.

Fundi Boksi (mleta mada) #23

Chapisho namba 22 limenifanya nisimame. Sikuwahi kufikiri kwamba nimeshinda michezo minne bila kujua.

Mwalimu wa Zamu #24

Ngome Kongwe amefungua mlango, nami naingiza ubishi mwingine. Yapo masimulizi yanayosema kwamba skwadroni ya tatu ilivunjwa na moto wa mizinga, na kwamba kilichofanikiwa ni shambulio la pili, la rejimenti nzima ikisaidiwa na wapanda farasi wengine wa Gadi, wakati askari wa miguu walikuwa tayari wamezikaribia kingo za juu. Tomasz Łubieński, aliyefuata na skwadroni ya kwanza, alidai sehemu kubwa ya sifa. Taarifa rasmi ya jeshi ilimtaja Jenerali Montbrun kuwa kiongozi wa shambulio. Niegolewski aliishi hadi mwaka 1857, na mwaka 1854 alichapisha maelezo yake mwenyewe kupinga hadithi hiyo, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, anayekumbuka asubuhi moja ya ujana wake.

Kwa hiyo mleta mada anaiga shambulio gani? La Niegolewski, la Łubieński, au la taarifa rasmi?

Binti wa Mkwakwani #25

La Niegolewski. Huyo ndiye aliyekuwa chini ya mzinga. Kaizari alimpa nishani palepale.

Mwalimu wa Zamu #26

Aliyelala chini ya mzinga ndiye anayeona kidogo kuliko wote, dada.

Mpiga Mizinga Mstaafu #27

Na aliyeandika taarifa rasmi alikuwa ameketi wapi?

Mzee wa Dadu #28

Wakuu, mpaka sasa tuna mwinuko, pindo, ukungu, moshi, mdomo wa mzinga usioinama, farasi anayeogopa upweke, wanamgambo waliochoka, komwe za Ruffin na amri isiyoeleweka. Ukiweka dadu kwa kila moja, shambulio la dakika nane litachezwa kwa saa nane.

Napendekeza njia ya wazee. Reisswitz, yule Mprusia aliyetoa mchezo wake wa vita mwaka 1824, alitumia ramani ya kipimo cha moja kwa 8,000, dadu, na mwamuzi anayejua hali ya pande zote mbili. Wachezaji hawakuona kila kitu. Walipewa habari na mwamuzi, nao wakaandika amri. Kwa kipimo hicho barabara yenu yote ina sentimita 31, inaingia kwenye karatasi ya daftari. Anayecheza San Juan aketi chumba kingine, aambiwe tu "unasikia kwato, na watu wanakuja kwako wakikimbia, hujui ni wa nani". Mtaona kama atafyatua.

Kete64 #29

Mwamuzi ndiye dadu mbaya kuliko zote, kwa sababu hajui pande zake ni ngapi.

Msoma Ramani #30

Mimi nakubaliana na Mzee kwa nusu. Ukungu huwezi kuuiga kwa jicho lililo mita moja juu ya meza. Lakini mlima wa mleta mada usitupwe. Ashushe kimo, kisha kila kipande cha barabara kati ya pindo na pindo kifunikwe kwa pamba hadi farasi waingie. Komwe za mteremkoni nazo ziwekwe chini ya vifuniko vya chupa, nusu yake vikiwa vitupu.

Fundi Boksi (mleta mada) #31

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimeondoa tabaka za maboksi mpaka kilele kikabaki na sentimita 16 (gundi ilikataa kuachia tabaka la mwisho). Nimeongeza mapindo mawili, nimefunika kwa pamba, na kila mzinga unafyatua mara moja tu, farasi wanapoingia kwenye kipande chake. Nimetumia ngazi ya Kete64 ya 4, 3, 2, 2, na komwe za Ruffin pembeni. Mchezaji wa Kipolandi anaruhusiwa kusimama baada ya kituo cha kwanza, kama alivyosema Ngome Kongwe.

Tumecheza mara sita. Mara tatu wamefika juu, mara moja wamekwama cha pili, mara mbili wamekufa darajani. Hakuna hata mmoja aliyechagua kusimama. Mdogo wangu, aliyecheza mara mbili, alisema ukishavuka daraja na kuona pamba ya mbele haijafunuliwa, kusimama kunatisha kuliko kwenda. Katika mchezo wa tano aliyefika kileleni, karibu na kikanisa kidogo kilichoko pale juu, alikuwa farasi mmoja kati ya kumi na mbili.

Ngome Kongwe #32

Hakuna aliyesimama hata mara moja? Basi huenda kanuni yako haimpi faida yoyote ya kusimama. Askari wa miguu wanachukua zamu ngapi kumfikia?

Fundi Boksi (mleta mada) #33

Zamu kumi na moja.

Mwalimu wa Zamu #34

Nyingi mno. Rejimenti ya 96 haikuwa mbali hivyo nyuma ya daraja. Wape zamu nne uone kama vijana wako watakuwa na haraka ile ile.

Binti wa Mkwakwani #35

Ukiwapa zamu nne, utakuwa umeandika historia ya Mwalimu kwenye kanuni kabla ya dadu kutupwa. Jaribu zote mbili.

Mpiga Mizinga Mstaafu #36

Na safari hii wapiga mizinga wapimwe ari kabla ya kufyatua, si baada. Nimesema toka chapisho namba 16, nimepuuzwa kama San Juan.

Fundi Boksi (mleta mada) #37

Jumamosi tunacheza michezo mitatu ya zamu nne na mitatu ya zamu kumi na moja, ari ya wapiga mizinga ikitangulia. Mzee wa Dadu amekubali kuwa San Juan, ameketi jikoni, mlango umefungwa.

Mzee wa Dadu #38

Kwa sharti moja: nikishindwa, msinipeleke Talavera.